Uliza Shangazi: Umerudi kijijini na majibu, nani anakuona?

Wapendwa, toleo lililopita nilichomekea mistari mitatu tu kuhusu wanafunzi wa vyuo wanaokuja kutuhoji na madodoso yao afu wanapotea moja kwa moja, nikadhani nimepita tu njia. Kumbe nimekanyaga siafu! Barua zimekuja kutoka Mbeya, Iringa, Njombe, hadi kuna mmoja wa Tunduma ameandika kurasa nne mbele na nyuma. Sa hivi mapenzi na mawifi tunaviweka pembeni, toleo hili ni la wasomi na wanaohojiwa na wasomi. Nimechagua tano. Majina nimeyatoa kama kawaida yetu.

Shikamoo Shangazi. Nasoma masta hapa Iringa, mwaka wa pili. Utafiti wangu ni wa udumavu wa watoto chini ya miaka mitano, data nimekusanya vijiji vitatu huko Kilolo. Nilipomaliza uchambuzi roho ikanisuta kuondoka hivi hivi, nikaandika karatasi ya kurasa mbili kwa Kiswahili chepesi, nikarudi kwa nauli yangu, nikakaa na akina mama siku ya kliniki, tukapika uji pamoja tukaongea. Baadaye redio moja ya hapa ikanipa nusu saa. Supavaiza wangu aliposikia akasema napoteza muda, hayo hayana maksi, niandike pepa, yaani makala ya jarida la kitaaluma. Na kweli, kwenye mahafali ya waliotutangulia zawadi zote zilikuwa za GPA. Je nimekosea? Na kuna tuzo yoyote duniani kwa watu kama sisi au ndo tunajitolea tu?
*Mwanafunzi wa uzamili, Iringa*

Marahaba mwanangu. Hujakosea, na ningekuwa karibu ningekununulia soda.

We mwenyewe unazijua namba kuliko mimi ila acha niwaambie na wengine. Ule utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionesha udumavu Tanzania nzima ni kama asilimia 30, Iringa ikawa 56.9 na Njombe 50.4. Iringa, yenye mahindi, yenye maharage, viazi, maziwa, mboga hadi zinaoza njiani! Kwa maana hiyo wale akina mama uliokaa nao kliniki, mmoja na nusu kati ya kila watatu (Mungu anisamehe hesabu zangu) ana mtoto anayehusika na hiyo tasnifu yako. Sasa niambie, matokeo hayo ukiyafungia kwenye kitabu cha Kiingereza rafu ya tatu maktaba, yanamfikia nani? Panya wa maktaba, na panya hana udumavu.

Kuhusu tuzo, zipo, tena nyingi, ila nyingi ziko mbali. Kanada kuna mashindano yanaitwa Storytellers, yanaendeshwa na baraza lao la utafiti wa sayansi za jamii, mwanafunzi anapewa dakika 3 au maneno 300 aeleze utafiti wake una maana gani kwa mtu wa kawaida, na washindi wanapewa hela. Hukohuko Chuo Kikuu cha British Columbia wana mpango tangu 2015 wa kuwasaidia wanafunzi wa uzamivu ambao kazi yao inafanyika na watu wa nje ya chuo, yaani hiyo kazi ya nje inahesabika kuwa ndani ya tasnifu. Uingereza wao wamekwenda kwenye mfuko kabisa, kila baada ya miaka kadhaa vyuo vinapimwa ubora wa utafiti na hela ya serikali inafuata kipimo hicho, na mwaka 2014 kwa mara ya kwanza wakauliza pia utafiti wenu umebadilisha nini huko nje, hilo swali likabeba asilimia 20 ya maksi, 2021 likapanda hadi 25. Ikishakuwa hivo hakuna profesa anayemwambia mwanafunzi anapoteza muda.

Lakini nisikilize vizuri hapa maana hapa ndo panapoiva. Usidhani unaiga mambo ya wazungu. Utafiti shirikishi, yaani ule wa mtafiti na wanakijiji kuuliza pamoja na kujibu pamoja, sehemu kubwa ya mizizi yake iko hapahapa kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kulikuwa na mama wa Kifini, Marja-Liisa Swantz, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akawa anawapeleka wanafunzi vijijini wakae na watu badala ya kwenda na fomu na kurudi na fomu. Baadaye ukaja mradi wa Jipemoyo kule Bagamoyo kati ya 1975 na 1979 kwa mtindo huohuo. Wakati huohuo Budd Hall, mtu wa Amerika ya Kaskazini, alikuwa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima Dar, na ni yeye aliyekwenda kuandika mwaka 1975 na kulipatia jambo hili jina la Kiingereza, participatory research, linalotumika dunia nzima mpaka leo. Wazee wenu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973, watu kama milioni mbili walikaa kwenye vikundi kuzunguka redio, kipindi kikiisha wanajadili, wakitoka hapo wanachimba vyoo. Huyo Budd Hall alikuwemo. Baadaye akahamia Kanada, na mwaka 2012 yeye na mwenzake wa India wakapewa kiti cha UNESCO, yaani nafasi ya kitaaluma, cha utafiti unaofanywa pamoja na jamii. Kwa hiyo wenzetu wanatoa tuzo kwa chakula kilichopikwa jikoni kwetu, sisi tumebaki kulamba pepa.

Supavaiza wako usimchukie. Yeye mwenyewe anapandishwa cheo kwa pepa, hajapandishwa kwa uji. Hata wizara ilipoanza miaka ya karibuni kuwapa hela wanataaluma waliochapisha kwenye majarida makubwa ya kimataifa, jambo jema kabisa, kilichopimwa ni makala. Mtu anafuata anachopimiwa, hata mimi hapa napimiwa idadi ya maneno ndo maana sinyamazi.

Cha kufanya: usiongee naye kwa lugha ya huruma, ongea kwa lugha yake. Zile siku za kliniki uliandika nini? Akina mama walikubali nini, walikataa nini, walikucheka wapi? Hiyo ni data mwanangu. Iweke kwenye sura ya mjadala, au omba kasehemu kanakoitwa uthibitisho wa matokeo na wahusika. Ukifanya hivo kile alichokiita kupoteza muda kinakuwa metodolojia, na pepa inakuwa nzito kuliko ya mwenzako aliyekaa hosteli. Afu nenda kwa mtendaji wa kijiji akuandikie barua yenye muhuri kwamba ulirudi tarehe fulani ukatoa mrejesho. Weka kwenye sivii. Siku unaomba kazi kwenye shirika la lishe, barua ile ya karatasi iliyokunjamana itaongea kuliko GPA.

Habari za kazi Shangazi. Mimi ni mkulima wa viazi huku Umalila, nina miaka 58. Tangu nikiwa kijana nimehojiwa na wanafunzi siwezi kuhesabu, mbolea, mbegu, soko, ukimwi, jinsia, mabadiliko ya tabianchi, hata choo changu kimehojiwa. Hakuna hata mmoja aliyerudi kusema ameona nini. Mwezi uliopita amekuja mwingine na tableti nikamwambia leo nalima, akaniambia ana kibali cha mkoa. Naomba kujua, nina haki ya kukataa au kibali cha mkoa ni amri?
*Mkulima, Mbeya Vijijini*

Kaka, swali lako limenikaa kooni siku mbili, kwa sababu mmoja wa hao waliopotea ni mimi.

Kwanza jibu la haki. Kibali siyo amri. Barua inatoka chuo, inapita kwa katibu tawala wa mkoa, inashuka wilayani, kata, hadi kwa mtendaji wako, na maana yake ni kwamba serikali imemruhusu huyo kijana kuja kukuomba. Kukuomba! Wewe ndo unaamua, unaweza kukataa, unaweza kukubali afu swali la kumi ukasema basi, na hatakiwi kukulazimisha wala kukununia. Mtafiti aliyefundishwa vizuri anakusomea hayo kabla hajaanza. Akianza bila kukusomea, huyo hajasoma.

Sasa aibu yangu. Miaka hiyo nafanya masta mada yangu ilikuwa lumbesa, huku milimani kwenu kwenu. Kwa msomaji wa pwani ambaye hajui, lumbesa ni lile gunia la viazi linalojazwa hadi mdomoni, likishajaa linaongezewa kichwa juu na kushonewa kamba, linakuwa kama bibi harusi na kilemba chake, na bei ni ileile ya gunia moja. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Nilihoji kaya 96. Jioni moja nimebakiwa na dodoso la mwisho, mvua ya Februari, ukungu hata mlango huoni, mama mmoja akaniingiza jikoni kwake akanichemshia viazi, akaviweka kwenye sahani ya bati na chumvi pembeni, akajibu maswali yote 43 huku ananyonyesha. Swali la mwisho lilikuwa je, una maoni yoyote. Akasema, maoni yangu ni utarudi lini utuambie umeona nini. Nikamwambia mwezi wa nane. Na kwenye dodoso nikaandika: hana maoni.

Miaka sita baadaye niko Mwanjelwa sokoni nachagua viazi, nikasikia sauti nyuma, "we si yule wa mwezi wa nane?" Jamani. Nilitamani lami ipasuke. Alikuwa hajakasirika hata kidogo, alikuwa anacheka, na ndo kulikoniuma.

Nikarudi basi. Nikaandika karatasi moja, mtendaji akaniweka kwenye mkutano mkuu wa kijiji baada ya ajenda ya mchango wa darasa, nikasoma matokeo yangu kwa kujiamini maana tasnifu ilishafungwa na jalada gumu na maandishi ya dhahabu. Nikafika pale nilipoandika kwamba wakulima wanakubali lumbesa kwa sababu ya uelewa mdogo wa vipimo. Mzee mmoja akanyoosha mkono, hakusimama hata kusimama, akasema, "Binti, kilo tunazijua, mizani tunayo. Ila dalali ana lori moja na sisi tuko mia mbili, nikikataa kichwa anahamia shamba la jirani, na viazi vyangu vilishachimbwa vinaota jua. We uliniuliza kama najua. Ungeniuliza kwa nini nakubali." Mkutano mzima ukaguna. Sura yangu ya nne, yote, ilianguka pale chini ya mti kwa dakika moja, na maprofesa watatu walikuwa wameipitisha.

Ndo maana siku hizi mtu akiniambia kurudisha matokeo ni ukarimu au ni kuwafikiria wananchi nabisha. Ile ni difensi ya pili, yaani kuitetea tasnifu yako mara ya pili, na ndo ngumu zaidi, wanaokuuliza wanaishi ndani ya mada yako.

Kwa hiyo kaka, msikatae wote, watu wazuri mtawakosa, wekeni masharti. Mtendaji wenu ana daftari la wageni, mwongezee safu mbili: atarudi lini, na namba ya simu ya idara yake chuoni, siyo ya kwake maana laini hubadilishwa. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria ni kila baada ya miezi mitatu, kwa hiyo hana kisingizio cha kukosa siku. Nakala ya Kiswahili ibaki ofisini kwenu, ukurasa mmoja unatosha. Na mwezi aliousema ukipita, pigeni. Mpigieni idara, mjitambulishe kijiji gani, muulize kijana wenu wa tableti yuko wapi. Mtaona mbio.

Shangazi mimi ni mhadhiri hapa Mbeya. Idara yetu imepata kahela kadogo, milioni moja na nusu, na tumekubaliana tuanzishe tuzo ya mwaka kwa mwanafunzi wa masta au PhD aliyefanya utafiti na jamii na kushirikisha matokeo nje ya chuo. Hofu yangu itageuka mashindano ya picha, mtu anakwenda kijijini nusu saa anapiga picha na watoto anarudi anajaza fomu. Tupime vipi?
*Mwalimu wa chuo*

Mwalimu, hofu yako ni ya kweli na nimefurahi umeanza nayo. Picha na watoto, fulana zenye nembo, bango lenye Kiingereza "outreach" na wazee wamekaa juani, tumeziona. Fomu yenu isiwe na sehemu ya kubandika picha hata moja.

Swali la kwanza kwenye fomu, na mimi ningelipatia nusu ya maksi zote, liwe hili: uliporudi na matokeo, walikusahihisha wapi, na ulibadilisha nini kwenye tasnifu? Aliyerudi kweli atajaza ukurasa. Aliyekwenda kupiga picha ataandika "jamii ilifurahi sana". Mtamjua palepale.

Pili, majaji. Nyie walimu wawili inatosha, wengine watoke hukohuko, mama mmoja aliyehojiwa, mwenyekiti wa kitongoji, labda afisa ugani au nesi wa zahanati kutegemea na mada. Najua mtasema gharama. Basi pigeni simu, spika, mkiwa kikaoni, mmuulize mama: huyu kijana alirudi? alisema nini? unakumbuka? Kama baada ya miezi sita anakumbuka jambo moja na amelitumia au amelikataa kwa sababu, huyo kijana apewe. Kama anakumbuka fulana tu, poleni.

Tatu, cheti kiwe na majina zaidi ya moja. Hapa nakupeleka Rungwe. Mwaka 2003 watafiti wa wanyamapori walikuwa wanafanya kazi kwenye misitu ya mlima Rungwe, wakawa wanasikia wawindaji wa Kinyakyusa wakimtaja mnyama mmoja mwenye aibu, kipunji. Wengine walidhani ni hadithi tu. Wakafuatilia, wakamwona, mwaka 2005 akatangazwa kwenye jarida la Science kuwa ni kima ambaye sayansi haijawahi kumwandika, 2006 ikaonekana hata jenasi yake ni mpya, ya kwanza ya kima Afrika ndani ya miaka 83, wakamwita Rungwecebus kipunji. Dunia nzima ikasema amegunduliwa. Wazee wa Rungwe wakabaki wanashangaa, amegunduliwa alikuwa amepotea? Nawapa heshima wale watafiti kwa jambo moja, jina la wenyeji halikufutwa, limekaa kwenye sayansi milele. Nyie pia kwenye cheti chenu, kama mwanafunzi alipata jambo lake kubwa kutoka kwa kikundi fulani cha wakulima, kikundi kiandikwe, na kipate nakala yake ya fremu kikatundike ofisini. Mtu akikubali kwanza kuandikwa jina lake lakini, wapo wasiotaka, hasa mada za afya.

Hela sasa. Msimpe mshindi bahasha ya milioni moja na nusu akanunue simu. Mpe laki tano na mkono wa pongezi, iliyobaki igawanywe iwe nauli za watu wa kurudi fildi mwaka unaofuata. Wengi hawarudi siyo kwa roho mbaya, hela ya utafiti inakatika siku data inakamilika, hakuna bajeti iliyoandikwa "kurudi". Yaani hata laki moja na nusu kwa mtu wa Ileje au Makete, nauli, gesti siku mbili, na fotokopi, tayari amefanya mkutano.

Na mkabidhi wapi? Nasema msifanyie ukumbini. Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale mna umati wa bure, wakulima wote wa Nyanda za Juu Kusini wako pale wanakula mahindi ya kuchoma. Mshindi apande jukwaani aeleze kwa dakika chache na aulizwe na umati, siyo na mgeni rasmi. Pale jirani kuna watu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole na maharage yao, na mi huwa nasema utafiti uliosomwa na watu wengi kuliko wote kanda hii ni maharage, Uyole 96, Njano Uyole, mama ntilie wa Kabwe anayataja kwa jina na anajua yapi yanaiva haraka, hajawahi kuona pepa la maharage hayo na hana shida nalo.

Shangazi naomba kuuliza haraka. Nikieleza matokeo yangu redioni au kijijini kabla pepa haijatoka, jarida litanikataa?
*PhD, Iringa*

Haraka na mimi: majarida mengi hayana shida na wewe kuwaeleza matokeo wale uliowahoji, wala kuwasilisha kwenye kongamano. Shida ni ukitoa pepa lenyewe zima, na majedwali yake, sehemu nyingine kabla. Soma masharti ya jarida unalolitaka, ukiwa na wasiwasi waandikie mhariri barua pepe mistari miwili. Kinachotakiwa kukunyima usingizi ni kingine: usiseme redioni jambo ambalo kijiji kitatambulika au mtu atatambulika. "Kijiji kimoja cha juu ya mlima chenye shule moja na kanisa la Moraviani" kila mtu keshajua ni wapi. Na namba ambayo bado hujaihakiki usiitangaze, redioni hakuna kufuta.

Shangazi ugonile. Kaka yetu yuko uzamivu mwaka wa nne, ukoo mzima tumechanga. Kila mama akimuuliza anasomea nini anajibu "ni mambo marefu mama hutaelewa". Mama ameanza kuambia watu kaka anasomea siri za serikali. Tumsaidieje?
*Mdogo mtu, Tukuyu*

Ugonile mdogo wangu. Hahaha mama ana akili, ameziba pengo kwa kitu chenye heshima.

Mwambie kaka yako kuna mashindano ya dunia nzima ya wanafunzi wa uzamivu, Three Minute Thesis, unapewa dakika 3 na slaidi moja, hakuna nukta ya ziada. Yalianzia Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, mwaka 2008. Na wazo lilitoka bafuni! Kulikuwa na ukame mkali, watu wanahimizwa kuoga kwa dakika tatu ili kuokoa maji, wanaweka bafuni kale kasaa ka mchanga ka kuchemshia mayai, mkuu mmoja wa shule ya uzamivu pale chuoni akaona, kumbe hata tasnifu inaweza kupimiwa hivo.

Nyie Tukuyu maji hamna shida nayo, mvua haikatiki, kwa hiyo tumieni ugali. Akija likizo mama aweke maji, yakichemka na unga ukaingia, kaka aanze. Mama anasonga, yeye anaeleza. Ugali ukiiva kabla mama hajaelewa, kaka anakula mwisho. Arudie kesho yake. Mwambieni na ni kwa Kinyakyusa, neno "metodolojia" likitoka mdomoni mnaondoa mboga.

Siku mama akiweza kumwelezea jirani yake kwenye foleni ya mashine ya kusaga, niandikieni. Ndaga fijo kwa barua.